Ziara ya boti ya manowari na makaa, Lindi: nendeni, ila nendeni na maswali

Jibu kwanza kabla hujachoka kusoma: inafaa, nenda. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu vijana wa boti hawaheshimu maji kujaa na kupwa, halafu mzee anayetoa maelezo anachanganya vitu viwili ambavyo mtu wa bandari ukivichanganya unaitwa ofisini, nitafika huko. Ila kama uko Mtwara, Lindi, Masasi au hata Nachingwea na kila wikiendi yako ni bichi, pweza na simu, hii ziara ya kuelezwa jinsi meli za vita zilivyopelekewa makaa ya mawe kwa siri wakati wa vita ya kwanza ya dunia itakubadilishia siku.

Niseme mapema, sina undugu nao wala sijapewa punguzo. Ni 30,000 kwa kichwa mkianzia watu sita, na jina la kampuni usiniulize maana sidhani hata kama ni kampuni, ni boti ya faiba yenye turubai, vijana wawili wa injini na mzee mmoja mwalimu mstaafu. Ukifika pale kwenye pantoni ya kwenda Kitunda, upande wa Lindi mjini, ukaulizia ziara ya makaa wanakuonyesha kwa kidole.

Sasa utauliza mtu mwenye akili zake anaenda kutalii makaa kwa lipi. Mimi ni karani wa tali, yaani mhesabu mzigo, bandarini Mtwara. Tangu ile 2022 Urusi ilivyoingia Ukraine na Wazungu wakaanza kutafuta makaa ya mawe kila kona ya dunia, mzigo wa migodi ya kule Ruvuma umekuwa unashuka kwa malori kuja kupakiwa kwetu, barabara ya Songea, Tunduru, Masasi ikawa malori tu, vumbi kwenye nguo, vumbi kwenye chai, ukipenga kamasi unatoa wino. Mpaka ikaonekana bora mzigo mchafu ujengewe bandari yake kule Kisiwa Mgao. Kwa hiyo mwenzetu mmoja wa shifti alipokuja na habari kwamba kuna watu Lindi wanaelezea meli zilizokuwa zinapelekewa makaa kwa siri wakati wa vita ya kwanza ya dunia, tulimcheka. Makaa? Kwa siri? Sukari inafichika, korosho inavuka mpaka usiku kwa baiskeli, lakini tani elfu za makaa unazificha wapi, unaziwekea kanga? Hilo ndio swali tulilokwenda nalo, na kwakweli tulirudi na jibu, ingawa jibu lenyewe nusu alitupa mzee na nusu tulimalizia wenyewe kwenye gari tukiwa tunabishana kuanzia Mingoyo mpaka Mikindani.

Boti inatoka mjini, inakata ghuba, inaiacha Kitunda na inaingia mto Lukuledi. Hapo ndio uzuri wa safari ulipo. Mikoko pande zote, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndege weupe wamejaa kwenye matope, na kadiri unavyopanda mto bahari inakupotea mgongoni unajikuta uko sehemu ambayo meli ikiingia na kukunja kona, mtu aliyeko baharini hamwoni mtu. Mzee anasubiri hapo hapo, anaamuru injini izimwe, kimya, anaanza. Hakuna kibao, hakuna chuma cha kugusa, hakuna mnara, wewe na maneno yake tu. Kuna mmoja wetu alilalamika kwamba amelipa hela kuangalia matope, mimi naona sivyo, matope yenyewe ndio ushahidi.

Hadithi kwa kifupi, na haya nimeyapanga mimi kwa sababu mzee anarukaruka. Mjerumani alikuwa na manowari, yaani meli ya vita, moja ya maana huku kwetu, Königsberg, nahodha wake Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na tarehe 31 Julai, siku chache kabla Mwingereza hajatangaza vita, ikatoka bandarini haraka isije ikafungiwa ndani. Ina mbio, ina mizinga kumi ya sentimita 10.5, inatisha. Tatizo lake moja tu, inakula makaa, na ikishatoka Dar haina pa kula. Karibu bandari zote kubwa za Bahari ya Hindi ni za Mwingereza au rafiki zake. Kwa hiyo tarehe 6 Agosti kule pwani ya Omani ikaikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, imebeba chai, wakaikomba makaa yake. Yalikuwa makaa ya India, mabaya.

Hapa mzee anafanya kitu kizuri sana ambacho peke yake kinatosha nyota moja. Anatoa kwenye mfuko wa rambo mabonge mawili ya makaa, sijui kayatoa wapi, anawapa muyashike, anawaambia tofauti. Enzi hizo makaa waliyokuwa wanayagombania wote ni ya Wales, yana moto mkali na moshi mdogo. Ukichoma makaa hafifu meli inapungua mbio, mabomba ya boila yanaziba masizi, na moshi unapanda mweusi juu ya upeo wa bahari kiasi kwamba adui anakuona kabla hata hajaona milingoti yako. Yaani makaa mabaya yanakuchongea kwa adui. Mimi kila siku naandika makaa, tani kadhaa, lori namba fulani, sijawahi kukaa nikafikiria hata siku moja kwamba makaa yana tabia.

Basi Königsberg ikawa inaishi kwa kudokoa, meli ya Kijerumani iitwayo Somali ikiifuata na mzigo, na Septemba 20 ikaenda Zanzibar alfajiri ikaikuta manowari ya Mwingereza, Pegasus, imetia nanga inatengenezwa mitambo, ikaizamisha. Baada ya hapo ikapotea. Waingereza walichanganyikiwa, manowari nzima imepotelea wapi? Ilikuwa imeingia delta ya Rufiji, imejibanza kwenye mikoko, milingoti imefungwa matawi.

Na hapa ndipo Lindi inapoingia, na ndipo sisi watu wa makaratasi tuliposimama kwenye boti mpaka kijana wa injini akatufokea tukae. Oktoba 19 manowari ya Kiingereza Chatham inafika Lindi, inaona ndani ya mto huu huu kuna meli ya Kijerumani ya abiria na mizigo, Präsident, ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, imepandisha bendera ya msalaba, inadai yenyewe ni hospitali. Waingereza wakatuma mashua na askari wakapanda juu kuangalia. Wagonjwa hakuna. Kilichokuwepo ni karatasi. Na karatasi zikaonyesha kwamba mwezi uliopita matishari, zile mashua bapa za mizigo, yenye makaa yametoka kwenye meli ile kwenda Rufiji, sehemu inaitwa Salale.

Imeisha hiyo. Siku kumi na moja baadaye, Oktoba 30, Chatham iko kwenye mlango wa Rufiji, askari wameshuka kuwauliza wanakijiji, na juu ya mlingoti mtu mwenye darubini anaona milingoti mingine imesimama katikati ya miti. Novemba 10 Waingereza wakaizamisha makusudi meli yao wenyewe, Newbridge, iliyokuwa meli ya makaa nayo, kuziba mkondo mmoja wa kutokea. Halafu mwaka uliofuata, Julai 11, 1915, manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, fupi fupi zinazoweza kuelea kwenye maji haba, zikaingia ndani zikaimaliza Königsberg.

Sasa fikiria. Mikoko yote ile, matawi kwenye milingoti, mabaharia wamekufa kwa homa, kumbe kilichowauza ni hati ya kutolea mzigo. Karani fulani kule alifanya kazi yake vizuri mno, kaandika tishari, kaandika makaa, kaandika linakoenda, kaweka kwenye faili. Mwenzetu mmoja alisema angekuwa bosi wake angempandisha cheo kisha angemfunga jela siku hiyo hiyo. Tulicheka mpaka boti ikayumba.

Sasa tuje kwenye kosa la mzee. Katika maelezo yake yote anarudia kwamba Lindi ilikuwa "bandari isiyo na upande" na ndio maana ya siri. Nikaona nikae kimya, ni mtu mzima, lakini akalirudia tena, nikashindwa.

"Mwalimu, samahani, Lindi si ilikuwa ya Mjerumani mwenyewe? Na meli ya Mjerumani. Sasa upande upi ulikosekana?"

Akanitazama, akavua kofia akajipepea. "Mwanangu, siri haikuwa kwa mwenye nyumba. Siri ilikuwa kwa anayepita nje."

Jibu tamu, wote walipiga makofi, ila si jibu. Mtu akitoka pale anaondoka anaamini Lindi ndio mfano wa bandari ya nchi isiyokuwa vitani, na siyo. Pale Lindi sheria iliyochezewa ni ya bendera ya hospitali tu, kupeleka makaa kwa manowari yako kutoka bandari yako hakuna wa kukushtaki, ni vita. Bandari ya nchi isiyokuwa vitani ni mchezo mwingine kabisa, na mfano wake ulikuwa hapo jirani, mzee angenyoosha mkono tu kusini. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, alikuwepo Mreno, na Mreno hakuwa rasmi vitani na Mjerumani mpaka Machi 9, 1916. Mwaka mmoja na nusu na zaidi, mtu wa Mtwara anavuka mto anakuwa kwenye nchi ya amani. Wajerumani waliyataka makaa ya kule, Waingereza wakawahi kuyanunua wao ili Königsberg isiyapate. Bila risasi, bila mzinga, hela mezani tu. Hiki kipande mzee hana kabisa kwenye maelezo yake na ndio kingenoga kuliko vyote.

Na kwa wanaojiuliza ilikatazwaje, kulikuwa na mkataba wa Hague wa 1907. Manowari ya nchi iliyo vitani ikiingia bandari ya nchi isiyo vitani, kwa kawaida masaa 24 tu, iondoke. Makaa inapewa ya kuifikisha bandari ya karibu ya kwao, basi. Na ikishachukua, miezi mitatu isionekane tena kuomba makaa kwenye bandari yoyote ya nchi hiyo hiyo. Kabla ya hapo mambo yalikuwa holela, 1904 kwenda 1905 Warusi walipeleka meli za vita kutoka Baltiki mpaka Japani, safari ya kuzunguka Afrika, wakilishwa makaa na meli za kampuni ya Kijerumani, Hamburg-Amerika. Walipofika Angola kwa Mreno kikaja kijimanowari kimoja kidogo kuwafukuza, wakaendelea kupakia wakamaliza wakaondoka zao. Nossi-Bé, hapo Madagaska, walikaa mpaka Machi 1905, kwa Mfaransa rafiki yao. Mwezi wa tano wakafika Tsushima wakapigwa vibaya na Wajapani.

Sasa ukishawekewa sheria ya masaa 24 na miezi mitatu, unafanyaje? Manowari usiiingize bandarini kabisa. Unatuma meli ya kawaida ya mizigo, inapakia makaa kama bidhaa nyingine yoyote, inalipa ushuru, inaandika kwenye manifesti, yaani orodha ya mzigo wa meli, kwamba inakwenda mji fulani, halafu ikifika katikati ya bahari inakutana na mwenyewe nyuma ya kisiwa. Na hilo ndio jibu la swali letu. Makaa hayafichwi chini ya turubai, yanafichwa kwenye mstari mmoja wa manifesti, ule wa bandari ya kushushia.

Mfano mkubwa ni New York. Agosti 1914 watu wa ofisi ya Hamburg-Amerika pale walituma meli kadhaa zimejaa makaa na chakula kwa manowari za Kijerumani zilizokuwa Atlantiki, makaratasi yote yanasema zinakwenda kwingine. Marekani wakati huo haikuwa vitani. Walishtakiwa, na cha kuzingatia kesi haikuwa ya vita, ilikuwa ya kudanganya forodha. Desemba 1915 mkuu wao Karl Buenz na wenzake wakatiwa hatiani, yeye miezi 18. Pwani ya upande wa pili, San Francisco, meli iitwayo Sacramento ilitoka Oktoba 1914 na bendera ya Marekani, hati zinasema Valparaíso kule Chile. Ilifika Valparaíso kweli, ila tupu. Nahodha akasema tumekamatwa na Wajerumani baharini wametunyang'anya. Haya, mimi nikaambiwa hivyo getini Mtwara na dereva wa lori la makaa kutoka Songea, unadhani nitaandika nini kwenye fomu?

Tuliporudi kwenye gari hapo ndio ubishi ulipokolea, kila mtu anasema angeishtukia vipi. Kwetu makaa hayapimwi kwa maneno, kuna kusoma drafti, zile namba zilizochorwa ubavuni mwa meli mbele, katikati na nyuma, unasoma kabla ya kupakia na baada ya kupakia, ukipiga hesabu unajua imebeba tani ngapi. Kwa hiyo meli ikiondoka imekaa chini kwa uzito na ikarudi mapema kuliko safari iliyoandika, imeinuka, na haina hati ya kushushia ya huko ilikosema inakwenda, mtu wa bandari hahitaji darubini. Kabla hata haijaondoka kuna harufu. Mbona unapeleka makaa mji ambao una makaa yake ya bei chee? Mbona mnunuzi amelipa taslimu yote mbele na ofisini hajulikani? Na kubwa, mbona umechukua magunia matupu mengi, makoleo na makapu, wakati unasema utashushia kwenye gati lenye winchi? Vitu hivyo ni vya kuhamisha mzigo meli kwa meli, mabaharia wote kuanzia mpishi wanabeba magunia mgongoni mpaka wanabaki meno tu. Mwenzetu wa mizani alisisitiza kwamba yeye angemwangalia wakala, siyo meli. Wakala mwenye haraka ana lake.

Na hata hivyo walipita wengi, kwa sababu bandari ikishapata ushuru wake na makaratasi yamekaa sawa, nani anataka kuuliza. Hiyo naiandika kama mtu wa kazi, wasomaji wengine elewani mnavyoelewa.

Kuna nyingine alitugusia kidogo tu na mimi ningependa aipe muda zaidi. Königsberg ikiwa bado imefungiwa Rufiji, Wajerumani walituma kutoka kwao meli ya Kiingereza waliyokuwa wameizuia, jina lake Rubens, wakaipaka, wakaiandika Kronborg, wakaipandishia bendera ya Denmark ambayo haikuwa vitani, mabaharia wanaongea Kidenishi, nahodha Carl Christiansen. Ndani tani 1,600 za makaa kwa ajili ya Königsberg, chini yake silaha na risasi. Nikapiga hesabu ya kwetu, lori moja la tani 30, hiyo ni malori 53 na kipande, foleni ya asubuhi moja tu pale getini. Wameyapitisha kuzunguka Ulaya ya kaskazini, kuzunguka Afrika yote, Aprili 1915 wamefika Manza karibu na Tanga, na hapo hapo manowari ya Kiingereza Hyacinth ikawafumania. Silaha nyingi ziliokolewa baadaye. Makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg bila makaa ikabaki imeketi pale pale mpaka siku yake.

Sehemu ya pili ya ziara ni Sudi, mnaenda kwa gari siyo kwa boti, na hii inalipiwa kivyake. Ghuba ya Sudi ukiiona utaelewa mara moja, mlango mwembamba, ndani kunafunguka maji mapana ya kijani, nazi, mashua za wavuvi, kijiji kimetulia. Hapa Machi 1916 iliingia meli nyingine ya siri, Marie. Mzee anasema ilileta makaa ya Königsberg. Mwalimu wangu mpendwa, hapana. Königsberg ilishakufa miezi minane nyuma. Marie ilileta mizinga, risasi na dawa kwa jeshi la nchi kavu la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, na mzigo ulifungwa tangu kwao kwa ukubwa wa kubebeka kichwani, maana walijua hapa hakuna reli. Halafu Aprili, baada ya Waingereza kuja kuipiga mizinga ndani ya ghuba, ikatoroka usiku, ikakimbilia mpaka Batavia, Jakarta ya leo, kwa Mholanzi. Uholanzi haikuwa vitani. Haya, hapo sasa ndio kuna bandari isiyo na upande, mzee angeweza kuimalizia stori yake vizuri kabisa hapo na akaipoteza.

Ila Sudi ndipo aliponipata moyo pia. Alituonyesha njia ya mchanga inayopanda kutoka pwani kwenda bara, akasema tembeeni kidogo, tukatembea, jua kali, akasema sasa kila mmoja ajifikirie ana kilo 30 kichwani na hajui anarudi lini. Wazee wetu ndio waliobeba. Jina la nahodha wa kila meli liko vitabuni, la mpagazi wa hapa Sudi hata moja hutoambiwa, na waliokufa kwa njaa na maradhi kwenye ubebaji wa vita ile walikuwa maelfu kwa maelfu, pande zote mbili. Mzee alisema babu yake alikuwa mmojawapo wa waliobeba. Hapo hakuna aliyebishana naye.

Chakula hakimo kwenye bei. Msikubali kungoja hoteli, semeni mapema mama mmoja pale Kitunda awaandalie samaki, na kama ni msimu muombe ming'oko, vile viazi vya porini, na chumvi, mkila mkiwa mmetoka kwenye boti mnakula mpaka mnaona aibu. Pale Sudi hakuna mpango wa chakula, bebeni maji na korosho.

Kero sasa. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, tukaondoka karibu saa nne, na ilikuwa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, kwa hiyo wakati wa kurudi maji yamekupwa na boti ikapanda fungu. Vijana wakashuka wakasukuma, na sisi wengine tukashuka, suruali za wikiendi zote matope mpaka magotini. Ukiuliza wanasema "maji yamewahi leo". Maji hayawahi jamani, yana ratiba kuliko basi lolote la Mtwara. Laifjaketi zilikuwa pungufu, nilidai yangu nikapewa iliyokatika mkanda, kwa wenye watoto hili lichukulieni kwa uzito. Halafu katikati ya safari petroli ikaisha, kijana akaenda kwa mvuvi akarudi na kidumu, na hela yake ikaletwa kwetu kama nyongeza, 3,000 kila mtu. Mwenzetu wa mizani akadai risiti. Mpaka leo anaidai.

Choo hakuna kuanzia mnapopanda mpaka mnaporudi, akina dada mjipange.

Kuhusu mzee, mtamkuta kama mmepiga simu siku moja kabla kwa wale vijana, vinginevyo mnapewa kijana ambaye anawaambia "hapa palikuwa na meli" kisha anawasha muziki. Msikubali. Salimieni vizuri, mkaeni karibu, na mkifika ile kona ya mto mwulizeni habari za Mreno na za New York, mimi nilimwachia nilichokuwa nacho na alikiandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu, akasema wageni wa wiki inayofuata atawapa na hiyo. Kabla ya kulipa angalieni kalenda ya mwezi, mchague wikiendi ya maji mafu, yasiyojaa na kupwa sana, na Sudi nendeni na gari lenu wenyewe lenye tairi nzuri, kwa sababu lile wanalokodisha wao lina mlango mmoja unaofungwa kwa kamba.